Habari za Mtaa

Redio asubuhi imesema uchaguzi tena.
Wa saba, wa nane, nimeacha kuhesabu.
Nikaizima, nikavaa koti, nikashuka kununua mkate.

Hapa Vidin habari zenyewe hubandikwa mlangoni:
picha, msalaba, jina, umri,
"mwaka mmoja bila wewe", "miaka kumi bila wewe",
na mvua imewafifisha hadi wakafanana kama ndugu.
Stamen wa baiskeli.
Yordanka, aliyenidai leva ishirini,
na leva zenyewe zimeshageuka yuro.

Binti yangu yuko Zaragoza, anawaogesha wazee wa watu.
Jumapili hupiga simu: "Baba, umekula?"
Nimekula, nasema.

Leo kando ya marehemu pana karatasi mpya,
rangi tatu, mwandiko unaopanda mlima:
PAKA AMEPOTEYA. MKIA NUSU. ANAITWA WAZIRI.

Nilifundisha imla miaka thelathini na mmoja,
hadi shule ikafungwa kwa kukosa wa kufundishwa.
Kalamu ninayo mfukoni; vidole vikawasha.
Nikauacha "amepoteya" ulivyo.

Zdravka muuza mkate, asiyefunga duka hata kwa mazishi,
akatoka na unga kwenye nyusi.
"Mkia nusu? Nilimwona juzi, nyuma ya stesheni."
Akageuza ufunguo.

Basi tukaenda, wazee wawili katikati ya barabara,
mkate kwapani, tukiita kwa sauti zote:
Waziri! Ewe Waziri!

Madirisha mawili yakafunguka, kisha la tatu.
Sikujua bado mna watu mle.