Mgeni wa Pingili ya Nne

Falmouth, mwezi wa pili. Mvua hainyeshi wala haiachi,
imening'inia tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Napita kati ya mianzi ya Bi Tamsin Penhale
na daftari ndani ya mfuko wa plastiki,
nahesabu wagonjwa.

Shina la sita. Pingili ya nne kutoka chini.
Nainua ganda kwa ukucha:
doa, rangi ya ngozi ya kiazi,
laini kama mahameli,
upana wa kidole gumba.

Hakuja leo huyu.
Alifika Septemba, chembe moja ya vumbi,
amepanda upepo bila nauli.
Akatua penye unyevu, akalala.
Kisha akatoa uzi.
Uzi mmoja, mwembamba kuliko wazo,
ukapapasa ukuta gizani ukitafuta kitasa
hata ukakuta kitundu ambacho mwanzi hupumulia.
Ukaingia. Haukuvunja kitu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe lake.
Amelima baridi yote chini ya ganda,
seli hata seli, akifyonza sukari kwa kipimo,
asiue,
maana maiti hapiki.
Na mwanzi umebaki kijani, unaupigia upepo saluti,
haujui. Au unajua na unaona haya.

Mwezi wa tano mahameli hii itabambuka kwa mvua,
na chini yake unga wa rangi ya chungwa,
maelfu, kila punje na safari yake.

"Kata," anasema Bi Tamsin. "Choma."
Nakata. Msumeno unalia mlio ninaoujua.

Kwetu Njombe, mwezi huuhuu,
mama alikata ncha za mianzi michanga alfajiri,
akafunga mbeta, akaenda zake shambani.
Asubuhi ulikuwa mtogwa, tamu ya watoto.
Jioni uliuma ulimi.
Kesho yake ulikuwa ulanzi kamili,
umegombanisha mashemeji na kuwapatanisha.
Hatukuuliza nani ameugeuza usiku.
Walikuwa ndugu zake huyu,
chachu, ukoo uleule wa wala sukari.
Wale tuliwanywa
na tukawarudishia shukrani kwa kucheua.

Jory, kijana wa toroli, ananiangalia nimesimama.
"Na wewe umeota mizizi?" anauliza, anacheka.
Nacheka pia. Usinifananishe na kuvu, Jory,
mimi nalipa kodi ya baraza.

Moto haushiki vizuri, kuni mbichi.
Pingili zinapasuka moja moja, pa, kimya, pa,
hewa iliyofungwa humo tangu shina lilipokuwa chipukizi
inatoka mara moja tu.

Kabla ya kwenda nyumbani tunasugua viatu kwa dawa,
soli, kisigino, mshono wa kamba.
Kinachotoka hakionekani.
Kinachobaki hakionekani.
Nasugua tena mshono.