Bure ya Namna Gani

Kibuye, nyuma ya marobota ya mitumba,
kompyuta ya Filgona hudai leseni kila asubuhi
kama askari wa kanjo.

Obura kaja, flashi shingoni.
"Nikuwekee mfumo huria. Ni bure."
"Cha bure ni ghali," akamkatiza.
"Si bure ya kuonjeshwa, mama.
Ni kama mbegu ya osuga:
jirani kakupa, wapanda, wagawa,
ukitaka wachimbua uone mizizi,
na hakuna wa kukufokea."

Skrini ikazimika.
Filgona akashika kichwa.
Ikawaka, kimya, bila kudai kitu.

"Daftari la chama?"
"Hili hapa."
"Na deni la Nyaseme?"
"Lipo."
"Na langu?"

Obura akasogeza kipanya polepole.
"Na lako, mama. Nalo limehama salama."