Umeshindaje

Saa nne na dakika hamsini usiku, Majengo.
Umeme umerudi, simu ina asilimia kumi na tisa,
na viatu vinazunguka kwenye kioo
kama bibi harusi anayeonyeshwa upande mmoja tu.

Viatu vya mlimani, namba arobaini na tatu,
kahawia, kamba nyekundu.
“Vimevaliwa mara mbili,” ameandika muuzaji,
“kama vipya.”
Hiyo “kama” naijua.
Ndiyo iliyomvua Kundaeli soli
katikati ya Karanga na Barafu,
upepo unapiga, kilo ishirini kichwani,
akapiga goti kukifunga kiatu kwa kamba ya hema
huku wageni wakimpiga picha.

Alivipata kwenye mnada huuhuu, Kundaeli.
Alinipigia usiku wa manane: Nimeshinda!
Neno gani hili, ndugu yangu,
unashinda halafu unalipa?
Kwetu Kibosho ukisema fulani ameshinda
tunauliza, ameshinda na nini tumboni?
Yeye alishinda na njaa wiki mbili.

Kiatu kikikaa kabatini miaka kumi
ngozi hubaki changa, gundi ndiyo huzeeka.
Pale Memorial, juu ya turubai,
nakikunja mpaka kilalamike,
naingiza mkono, naingiza pua,
nakigonga kisigino kwenye lami, nasikiliza.
Muuzaji ananitukana kidogo, nami namtukana kidogo,
bei inashuka kwa aibu.
Hapa kwenye kioo nanusa nini?
Nanusa kidole changu mwenyewe,
kina harufu ya kitunguu.

Kwa hiyo niliandika mapema, kabla ya chakula,
damu ikiwa bado imepoa,
kwenye plasta nyuma ya simu:
themanini na tano.
Nilishatoa humo pesa ya kifurushi cha basi kutoka Dar,
nikatoa elfu sita za fundi wa Double Road,
maana kiatu cha mtu hakiji bila deni.
Themanini na tano. Nikapiga mstari chini yake.
Mistari miwili. Najijua.

Sabini, naweka. Sabini na moja, anaweka
mtu ambaye jina lake ni m, nyota, nyota, nyota, a.
Sabini na nne. Sabini na tano,
hata sijanyanyua kidole.
Nani huyu asiyelala, asiyefikiri,
anayenifuata kwa elfu moja moja
kama mbwa wa jirani anayenisindikiza mpaka getini?
Themanini na tano.
Themanini na sita.

Zimebaki sekunde arobaini.
Elfu mbili tu, moyo unasema.
Moyo wangu haujawahi kubeba hema.
Niliigeuza simu, plasta ikanitazama,
nikaiacha imelala kifudifudi
kama mtu aliyekunywa vya kutosha.

Asubuhi, ujumbe: Kaka, yule mshindi kapotea,
chukua wewe kwa themanini na tano.
Kapotea wapi, na jana alikuwa na haraka vile?
Nikajibu kwa adabu: naomba picha ya soli,
na ile lebo ndani ya ulimi, yenye mwaka.
Alama mbili za buluu.
Kimya.
Kimya nacho ni picha. Nimeiangalia vizuri.

Ijumaa tunapanda na Wajerumani wanane.
Viatu vyangu vya zamani vimepigwa uzi mara ya tatu,
vibaya kuvitazama, ila tunafahamiana.
Jioni nimekaa barazani navipaka mafuta,
Mama Aikande wa mlango wa pili anapita na ndoo:
“Umeshindaje, jirani?”
Nikacheka peke yangu kwanza,
akasimama, akanishangaa.
Nimeshinda salama, mama.
Nimeshinda salama.