Mizani ya Kavumu

Mimi si rubani. Mimi ni mtu wa mizani.
Kibanda changu cha manjanja kiko pembeni mwa uwanja wa Kavumu,
saa moja kutoka Bukavu kama mvua haijala barabara.
Helikopta ni moja, ya kukodi, buluu iliyochujuka mkiani,
na chochote kiendacho mlimani hupita kwanza juu ya bamba langu:
makayabo, sabuni, misumari, chanjo ndani ya barafu,
kinanda cha kanisa kilichoviringishwa blanketi,
hakimu mmoja mnene aliyekataa kuvua koti.

Shuleni Mwalimu Birindwa alitufunza mizani nyingine:
nane, pumzi, nane.
Ukizidisha moja, alisema, shairi linachechemea.
Hapa ukizidisha, hakuna kuchechemea.

Na huko juu hewa ni nyepesi, mapanga hayana cha kushika,
kwa hiyo kadiri mtu anavyoishi juu zaidi
ndivyo anavyoruhusiwa kubeba kidogo.
Sheria hiyo sikuitunga mimi. Mimi naisoma tu kwa sauti.

Jumanne alikuja Nyasa, mke wa Wilondja, wa Kabalole,
siku nne kwa miguu, dakika ishirini na sita angani.
Daftari linamkumbuka: aliposhuka, kilo sabini na moja
pamoja na tumbo.
Sasa hamsini na nane, na mgongoni kitu kinachopiga chafya.

Mzigo ulikuwa umezidi.
Akatoa sufuria. Akatoa chumvi ya majirani, kilo tano,
kila fungu na fundo lake, kila fundo na mwenyewe.
Akavua viatu, akaviweka mezani kwangu,
kana kwamba mimi ndiye niliyevitaka.
Bado kilo mbili na gramu mia tisa.
Tukamtazama mtoto, sote wawili, kisha tukaacha kumtazama.
Safari nyingine ni mwezi ujao, mawingu yakipenda.
Nyuma ya pipa la mafuta Kapteni Zagabe alikuwa anakojoa,
naye, nikajua, anapunguza.

Nikaandika: *mtoto, sifuri.*

Ikainuka ikitikisa manjanja yangu, ikapinda kuelekea Mitumba,
ikawa nzi, ikawa hakuna.
Nikapanda mwenyewe juu ya bamba.
Sindano ilitetemeka kwenye sitini na nne, ikagoma kutulia.
Nilihesabu ukungu. Nilihesabu silabi za jina lake, Nyasa, mbili,
na za yule ambaye sikuuliza jina.

Redio ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza.
Kisha Zagabe, sauti ya mtu anayeagiza bukari:
«Kabalole. Tumetua. Nani kapima huu mzigo?»

Nikabonyeza kitufe.
Nikakiachia.

Chumvi bado iko chini ya meza, na viatu juu yake.
Kila asubuhi naipima upya, ni kilo tano zilezile,
nangoja ndege yenye nafasi.