Mwanya wa Kilomita ya 412

Januari, digrii arobaini chini ya sifuri.
Daulet, mgeni wa kazi, akapiga magoti penye kiungo,
akachomeka kiberiti chake kati ya reli na reli.
Kikaingia.
"Mama Janil, nani aliyekata vyuma vifupi hivi?"
Nikacheka, pumzi ikanigandia kwenye kope.
Hakuna aliyekata. Vimejikunyata, kama wewe.

Kila reli hapa ni mita ishirini na tano.
Joto likipanda digrii moja, inarefuka
kwa unene wa karatasi tatu. Basi.
Lakini toka leo hadi Julai, nyika hii ya Kazakhi
itapanda digrii themanini.
Karatasi tatu mara themanini, mwanangu: hicho ni kitabu,
na kitabu kinataka rafu.

Tena usichanganye joto na jotoridi.
Cheche za msumeno zimenirukia mkononi miaka thelathini,
hazijaniachia kovu: kali, lakini fukara.
Birika la chai iliyopoa nusu
lina mali kuliko cheche zote hizo.

Kabla hujazaliwa, brigedi moja iliyopenda sifa
ilibana viungo vyote wakati wa theluji,
ili treni zipite kimya, wakubwa walale.
Julai reli ikakosa pa kwenda.
Ikaenda ubavuni.
Mabehewa tisa ya ngano yakamwagika,
na kwa wiki mbili ndege wa hapa
hawakuruka; walikula huku wakitembea.

Sikumwonyesha kiungo kinachofuata.
Humo Yerlan wangu, akiwa na miaka saba,
alitumbukiza sarafu mwezi wa Aprili.
Juni chuma kikaiuma.
"Mama, reli ina njaa?"
Sasa yuko Omsk. Hupiga simu Jumapili,
maneno machache, kisha kimya kirefu,
nami nimejifunza kutokibana.
Kila Desemba sarafu hulegea,
hutetema treni ikipita.
Ningeweza kuitoa kwa vidole viwili.
Napuliza theluji, naiacha.

Daulet alichomoa kiberiti chake,
akajaribu kuwasha sigara.
Njiti tatu zikazimwa na upepo.
"Kwa hiyo ule mdundo wa usiku, ta-tam, ta-tam,
unaoninyima usingizi..."
Ya nne ikashika.