Kinacholiwa na Mwanga

Mwalimu Mwero alituonya mapema:
jina lako si kazi. Jina huja mwisho.
Lakini alipotoka kupokea simu
Katana akachora KATANA kwenye kompyuta, herufi nene,
na mashine ya leza ikamkatia
bila kuuliza yeye ni nani,
ikamwacha kitandani mwake, kingo nyeusi kama wanja.

Sisi, Saumu na mimi, tulikuwa na kisanduku.
Plaiwudi ya milimita tatu, ubavu wa kreti
lililoshushwa Kilindini na vipuri vya watu,
bado lina mshale, bado lina picha ya bilauri:
polepole, chavunjika.
Tulichora meno. Jino la upande huu
liingie pengo la upande ule, bila msumari.
Tukafunga kifuniko, tukavaa miwani,
feni ikauvuta moshi kwa bomba hadi dirishani
na kunguru wakahama paa wakitutukana.

Doa jekundu linapita, lakini silo likatalo.
Likatalo halionekani.
Waona tu cheche ndogo ikitembea,
na nyuma yake ubao si mmoja tena.
Hairuhusiwi kuiacha peke yake, hata kwenda msalani.
Nilikaa na ndoo ya mchanga magotini
dakika kumi na moja. Saumu alihesabu.

Tulipokiunganisha, kilicheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Tukapima tena. Rula haikusema uongo.
Kompyuta haikusema uongo.
Kisanduku kikacheza.
"Jazeni gundi," akasema Katana, jina lake likining'inia shingoni.
Mwalimu akakitikisa sikioni kama anayenunua nazi.
"Kafikirini," akasema. "Tuonane Jumatatu."

Mikindani, kwenye baraza ya duka la simu,
mama alikuwa na kaptula arubaini za kumaliza.
Nikamweleza huku namwokotea pini.
Hakuinua uso, mguu haukuacha kukanyaga.
"Makasi yangu hayali," akasema, "yapasua tu.
Mlaji kwangu ni mshono.
Ndiyo maana nakata nguo kubwa kuliko mtoto.
Na huo mwanga wenu, hula kiasi gani?"

Sikuwa na jibu.
"Pale penye mstari palikuwa na ubao. Umekwenda wapi?"

Nikanusa mtandio wangu.
Ulikuwa humo.

Jumatatu nilikata mstari mmoja tu kwenye kibao cha kutupa,
nikapima ufa: sehemu mbili za kumi za milimita,
nywele mbili tatu, kama ni nywele zangu.
Kila jino tukalinenepesha kwa kadiri hiyo,
nusu kushoto, nusu kulia, cha mlaji kikawekwa kando
kabla hajaketi.
Upande wa kwanza ukaingia, tak.
Wa pili, tak. Wa tatu ulihitaji ngumi ya Saumu.
Wa nne ulikuwa katikati ya kukatwa
stima ilipopotea Tudor nzima.

Feni ikashusha pumzi. Moshi ukasimama ndani ya kioo.
"Msiianze upya," akasema mwalimu, "haitakumbuka ilipofikia."
Akafungua kabati, akatupa msumeno wa uzi,
ule mwembamba, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikakata meno matano yaliyosalia
kwa jasho, ulimi nje,
na msumeno nao, nikagundua, hula;
hula zaidi, na hula ovyo.

Kisanduku kiko barazani sasa, kina vifungo na bobini.
Pande tatu zimebana hata unga haupenyi.
Ule wa nne mama huusukuma kwa kidole gumba
kila anapokifungua, hajalalamika.
Jina sikuandika.
Picha ya bilauri imebaki ubavuni,
na mshale, kwa kuwa hatukuangalia tulipoulaza ubao,
umeelekea chini.
Wateja huinamisha vichwa kuusoma.