Sori

Mkono wa baba ulikamatwa na korona
Jumatano, zamu ya asubuhi.
Mkonge ukapita, vidole vitatu vikapita nao,
mashine ikatema singa zenye madoa.

Hospitali ya Bombo, wodi ya juu, kitanda cha dirishani,
meneja akaja, kofia mkononi.
Akatazama bandeji. Akatazama sakafu.
Akasema neno moja tu:
sori.

Karani Mhando, shati la kaki, kalamu sikioni,
akalipokea kama mtu apokeaye mzigo
asiyeuliza umefungwa nini ndani.
"Anasema pole."

Na baba, Semboja, mtu wa adabu zake,
aliyefunzwa kwao Magila
kwamba pole haiachwi ikaning'inia,
akajibu wanavyojibu watu:
"Nimeshapoa."

Kalamu ikashuka sikioni.
Kwenye faili la manila, kwa wino wa buluu:
Majeruhi amesema ameshapoa.
Fidia haikuja.
Ulikuja mfuko wa sembe na miche miwili ya sabuni.

*

Sasa nafundisha Kiingereza, saa moja usiku,
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Wanafunzi tisa: wanne wa bandarini, mshona viatu,
wasichana watatu wa saluni,
na Bi Mwanakombo, aliyechoka kucheka tu
wajukuu wanapompigia kutoka Uingereza.

Neno la leo naliandika ubaoni.
Kamusi yangu, jalada limeshikwa na gundi,
inasema asili yake ni kidonda.
Waingereza wa kale, kabla hawajaijua chai,
walimwita hivyo mwenye maumivu.
Linafanana na neno lao la huzuni,
ungeapa ni ndugu wa tumbo moja;
kamusi inakana: ni majirani tu
waliokaa ukuta kwa ukuta hadi wakafanana sura.

Kumbe mwenye neno alikuwa aliyelala.
Lini likashuka kitandani
likaenda kusimama na mwenye kofia?

"Mwalimu," mshona viatu anauliza,
"basi ni pole au ni nisamehe?"
Yote mawili, nasema.
Ukifiwa watakwambia hilo.
Wakikukanyaga, hilo.
Ukiwakanyaga wewe, hilo hilo, kwa mazoea.
Benki wakikunyima mkopo, hilo, na meno nje.
Sisi tuna milango miwili:
kwa pole huingia hata asiye na kosa,
kwa nisamehe huinama aliye nalo.
Wao wana mmoja, mpana,
na apitaye humo
humjui kaja kukuliwaza au kaja kutubu.
Pengine hata yeye hajui.

Mwaka juzi nilimfuata Mhando
dukani kwake, madaftari na rula, karibu na soko la Mgandini.
Nikamuuliza kama siku ile alijua.
Alikuwa anahesabu penseli; akazimaliza kwanza.
"Nilijua maneno mawili.
Nikachagua lisilofukuzisha mtu kazi."
Akanisukumia boksi zima la chaki, akakataa pesa.
Chaki hiyo ndiyo hii.

Bi Mwanakombo ananyoosha mkono.
Mjukuu wake, simu ikikwaruza, husema sori,
ila sauti inapanda mwishoni
kama ndoo inayovutwa kisimani.
Hiyo nayo ni pole ya wapi?

Hiyo, bibi, ni matumizi ya tatu.
Maana yake: sijasikia. Rudia.

Wakafurahi. Wakajaribu wote kwa pamoja, sauti juu,
Sori? Sori?
hadi jirani akagonga ukuta.
Mimi nilikuwa nimeugeukia ubao,
nimesimama wodi ya juu, dirishani,
mbele ya mtu anayetazama sakafu.

Sori?
Rudia, bwana.
Na safari hii usimwachie Mhando.